King'ora kwenye Banda la Ng'ombe

Mvua ya Agosti haiwazuii watu wa huku Minnesota kwenda kwenye maonyesho ya kilimo. Wanajifunika plastiki, wanakula mahindi ya kuchoma na kusifu hewa safi. Jumatano iliyopita nami nilikuwa huko, nje kidogo ya Minneapolis, nimejikinga mvua kwenye banda la ng'ombe pamoja na mama mmoja Mkongo na mjukuu wake. Tulikuwa tukichekana kwa matope ya viatuni.

Saa saba mchana king'ora kikalia. Yule mama hakupiga kelele. Alimvuta mtoto, akamlaza kwenye majani makavu, akamfunika kwa mwili wake na kumziba mdomo kwa kiganja.

Mzungu aliyekuwa akimsugua ng'ombe wake hakuinua hata kichwa. Nikainama.

"Mama, usiogope. Wanajaribu king'ora tu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ili siku ya kimbunga kisikike."

"Ni nani alikuambia?"

"Kila mtu anajua."

Akanitazama bila kuinuka. "Kwetu pia, risasi zilipoanza kulia, balituambia ni mazoezi tu. Tukabaki nyumbani."

Nikachungulia nje. Wingu lilikuwa jeusi, na king'ora kilikuwa bado kinalia. Miaka yote niliyoishi hapa sikuwahi kujiuliza: kimbunga kikija Jumatano hiyo, saa hiyo, tutajuaje?

Nikapiga magoti kwenye majani, kando yao. Ng'ombe alitutazama sote watatu, akaendelea kutafuna.