Siku Niliyoziba Mfereji kwa Baiskeli ya Bwana

Nichekeni sasa hivi mmalize, ili nikifika katikati msinikatize. Aibu niliyoipata enzi za Mdachi, huyo mnayemwita Mjerumani, nikiwa kijana wa kuoa, siwasimulii watu wasionijua, na hata nyie nawasimulia kwa sababu najua mmeshasikia nusu yake kwa wengine, tena nusu iliyotiwa chumvi (mimi sikuwa uchi, nguo ilichanika tu, na hao wanaosema nilikuwa uchi hawakuwepo).

Mnanijua, mimi si mtu wa kutulia. Kanisani nakaa karibu na mlango, msibani ndimi wa kwanza kutumwa kuni kwa sababu nimeshasimama, na marehemu mama alikuwa akisema hata tumboni sikumpa usingizi. Sasa mtu wa namna hiyo akapata kazi gani? Kusukuma baiskeli. Pale misheni kulikuwa na mwalimu wa Kidachi, sisi tulimwita Bwana tu, naye alikuwa na baiskeli, na njia zetu za huku Meru mnazijua, ni kupanda na kushuka, basi kwenye mteremko anaipanda yeye, kwenye mlima anashuka ananiachia mimi nisukume, mwenyewe anatangulia mbele mikono mgongoni. Raha yake, jasho langu.

Kuipanda nilijifunza kwa kuibaiba, kule tambarare ya Nduruma, Bwana alipokuwa akishuka kufundisha watu wa bondeni na mimi naachwa kuilinda. Kando ya mto kule kuna njia ya changarawe, hakuna magari ya ng'ombe ya Makaburu ya kukutimulia vumbi, hakuna askari wa boma la serikali anayetafuta watu wa kubebeshwa mizigo, hakuna mtu kabisa, ni wewe na mto na changarawe inalia chini ya gurudumu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona mwili wangu wote unataka kitu kimoja. Nilifurahi mno, siwafichi. Ila jambo moja sikujifunza, nalo ni kusimama. Kule bondeni hakukuwa na haja, ukichoka unaielekeza kwenye majani marefu, inasimama yenyewe.

Wakati huohuo nilikuwa nimeposa. Binti aliitwa Ndeshi, kwao ni juu kule ng'ambo ya mto Usa, na yeye alinitaka (aliniambia kwa mdomo wake), mama yake hakuwa na neno, lakini baba yake ndiye alikuwa mfupa kooni. Alimwambia mshenga wangu, "Kijana ni mzuri, lakini hatulii. Mtu asiyetulia hawezi kulinda maji, na asiyeweza kulinda maji, watoto wake watakula nini?"

Na kweli, kwetu maji ndiyo kila kitu. Mfereji mmoja unatoka mtoni juu, unazunguka mgongo wa mlima, unanywesha mashamba ya watu wengi kwa zamu, na siku ya zamu yenu lazima mtu akae pale kwenye banio, yale mawe na vigogo vya mgomba vinavyogeuza maji yaingie kwenu, kwa sababu majirani nao ni binadamu, ukigeuka kidogo wanakopa maji bila kuomba. Basi Baba Ndeshi akatoa sharti: siku ya zamu yao nije mimi, nikae kwenye banio mpaka jua lizame, nisiondoke. Nikiweza, pombe ya kuwapokea wazee wangu itapikwa mara moja, kimea cha ulezi kilikuwa kimeshaanikwa uani kwao. Nikishindwa, kuna kijana mwingine ng'ambo ya pili, mpole, mnene, anayeweza kukaa mahali pamoja mpaka nyasi zimuotee.

Kukaa tu! Mtihani ndio huo, jamani, kukaa!

Siku yenyewe Bwana alikuwa amepanda nyumbu kwenda Moshi, akaniachia baiskeli niioshe na kuitia mafuta. Nikaiosha. Ikameremeta. Nikajiambia, hii nikiiweka chumbani nani ataiona? Nitakwenda nayo kwa kina Ndeshi, nitaiegesha kwenye mgomba karibu na banio, yeye akipita anione nayo, basi, siipandi. Nikaazima na kaptula ya mwenzangu wa misheni, maana yangu ilikuwa na viraka, na nikaenda nikakaa.

Nilikaa. Nawaapia nilikaa. Maji yalikuwa yanaingia shambani vizuri, maharage yanakunywa, jua linapanda polepole, tena polepole kwa makusudi nadhani, mguu wa kulia ukaanza kutikisika, nikaushika, ukaanza wa kushoto, nikahesabu migomba, nikaivua kofia nikaivaa, nikachungulia kama Ndeshi anapita, hapiti. Baadaye nikayatazama maji nikaona yamepungua. Hayakuwa yamepungua! Lakini mtu anayetafuta sababu ya kusimama huiona hata mahali isipokuwepo. Nikajiambia kulinda si kukaa tu, ni pamoja na kukagua, labda huko juu kuna mtu ameyachepusha, nifike pale kwenye kona nitazame nirudi. Kwa miguu ningekwenda na kurudi bila mtu kujua. Lakini baiskeli ilikuwa pale, imeegemea mgomba, inang'aa.

Mnajua ukingo wa mfereji ulivyo, ndipo mahali pekee mlimani kwetu pasipo na kupanda wala kushuka, njia imenyooka, udongo umeshikana na vijiwe, hakuna mtu. Nikapanda. Utamu wa Nduruma wote ukarudi mwilini, migomba inanipita, maji yananipita upande wa kushoto, upande wa kulia ukingo unaporomoka mpaka chini kwenye ua wa kina Ndeshi, na mimi kona niliyosema nitaishia nikaipita bila hata kuikumbuka.

Mbele ya kona ile akatokea Mama Ndeshi, ana mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, umemfunika mpaka macho.

Hapa vijana mnielewe, maana adabu hizi siku hizi zinapungua. Wakati ule ukishaposa, wewe na mama mkwe wako hamkutani uso kwa uso. Akikuona anajifunika shuka, ukimwona unaacha njia, unaingia migombani mpaka apite, na kusemeshana ndiyo kabisa hakuna. Mtu wa miguu anapisha. Mimi nitapishaje? Kulia kuporomoka, kushoto maji, na kusimama sijui! Nikapiga kelele, "Piteni, mama, piteni!" (apite wapi, maskini?) na kelele yenyewe ikawa kosa la kwanza, kwa kuwa nimemsemesha. Yeye kusikia sauti ya mkwe akatupa mzigo ili ajifunike uso, mzigo ukaingia mferejini, na mimi nikaona heri maji kuliko kumgonga mama wa watu, nikageuza usukani, nikaufuata mzigo.

Baiskeli ilikwenda ikakwama kati ya mawe, imekingama mfereji mzima, na majani yote yale yakaja yakajipanga kwenye magurudumu mawili bila kubakiza tundu. Hata mzee wa mfereji mwenyewe, anayegawa zamu za maji, asingeziba vizuri vile. Nikataka kusimama, nikasikia nyuma yangu *chrrr*, kaptula imenaswa kwenye pedali. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nilikuwa nayo ya kuazima kweli. Basi nikakaa chini ndani ya maji, mgongo kwa mama mkwe, na hapo ndipo nilipotulia kwa mara ya kwanza siku ile.

Maji hayakutulia. Yalipanda, yakafika kifuani, yakaanza kumwagika juu ya ukingo kuteremka uani, na kule uani kuna nini? Kimea. Ulezi wa pombe yangu mwenyewe, umeanikwa juu ya ngozi. Nikasikia sauti ya Ndeshi chini, "Ulezi! Jamani ulezi unaondoka!" nikamwona anakimbia na ungo anaukinga kama mtu anayekinga mvua, na watu wakaanza kuja, na Baba Ndeshi na jembe lake, wakajipanga ukingoni wakanitazama.

"Toeni hicho kitu!" akasema Baba Ndeshi.

Hakuna aliyesogea. Mmoja akasema, "Hicho ni cha Mdachi. Kikivunjikia mkononi mwangu nitakwenda kusema nini bomani?" Wakarudi nyuma wote, maana kiboko cha boma walikuwa wanakijua. Mimi navuta peke yangu nimekaa, mkono mmoja kwenye gurudumu na mwingine umeshika kaptula, haitoki, nawaambia "Nisaidieni, jamani, nawasihi," wanatazamana, na ulezi unakwenda.

Nikasikia mtu ameingia majini nyuma yangu, akapita pembeni, akashika usukani kwa mikono miwili. Mama Ndeshi. Shuka ameitupa, uso wazi, macho yake ndani ya macho yangu.

"Vuta!" akaniambia. "Vuta huko kwako, wewe, unatazama nini?"

Nikavuta. Nilisimama nikavuta kwa mikono yote miwili, kaptula ikaenda ilikotaka, baiskeli ikachomoka, gurudumu la mbele limekuwa na umbo la yai, na maji yakashika njia yake. Watu walikuwa wameona mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyaona.

Wazee walikaa palepale. Nikapewa jani la mgomba nijisitiri. Baba Ndeshi hakugomba, na ingekuwa nafuu angegomba. Alisema taratibu, "Nilimwambia akae. Sikumpa kazi nyingine. Aitwe yule wa ng'ambo." Ndeshi alikuwa amesimama na ungo wenye tope na punje chache, machozi yanamtoka, hanitazami. Moyo wangu ulikufa pale.

Ndipo Mama Ndeshi, aliyekuwa anakamua shuka yake, akiwa ametugeuzia mgongo, akamwambia mumewe, "Baba Ndeshi, haya ya kumwonea mkwe, mtu huwa nayo moja, anaitunza mpaka azeeke nayo. Mimi yangu imekwisha leo. Huyu nimeshamwona uso, na nyuma nimemwona. Sasa unataka uniletee mwingine, nianze upya kujificha migombani? Sianzi."

Mzee mmoja akacheka kwa kujizuia, akashindwa, wakafuata wengine, na mwisho Baba Ndeshi mwenyewe akainama akajifanya anatazama jembe. Ikaamuliwa nijenge ukingo upya, ulezi utoke ghalani kwa mama yangu, na pombe ipikwe msimu unaofuata. Bwana aliporudi kutoka Moshi alilitazama gurudumu, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe, baiskeli hapana tena," na kazi ikaishia hapo.

Tangu siku ile niliapa, na kiapo changu nakishika mpaka leo: nikikabidhiwa kukaa, nakaa, hata siafu wapande, na chochote chenye magurudumu sikipeleki kwenye ukingo wa mfereji. Ndeshi nilimwoa. Na mama mkwe wangu, mpaka anafariki, hakuniangalia tena usoni wala kunisemesha, adabu aliirudisha yote kama ilivyokuwa. Tukikutana njiani mimi naingia migombani, yeye anajifunika shuka anapita kimya, lakini nikichungulia nyuma yake naona mabega yanatikisika.