Gari Namba Saba la Perez

Perez hakulichukua gari lile kwa kulipenda. Alilichukua kwa sababu ya mtu mmoja, Ngigi, meneja wa klabu ya gofu iliyo kati ya Ruiru na Thika, mwanamume wa shati jeupe ambaye hata jua liwake vipi hatoki jasho.

Kwa miaka kumi na mmoja Perez ndiye aliyeangalia magari ya gofu pale. Magari yale hayajui petroli. Yanakwenda kwa betri, na betri zake zina kiu. Kila Jumatatu na Alhamisi alifungua vifuniko kimoja kimoja, akachungulia kwa tochi, akaongeza maji ya betri, yale ya dukani yaliyosafishwa hadi hayana kitu ndani. Wachezaji walimjua, mama mfupi wa mtaa wa Kimbo mwenye aproni iliyotobolewa na asidi, na mikononi mwake hakuna gari lililowahi kuzimika katikati ya uwanja.

Kisha Ngigi akaja na akili zake za kubana matumizi. Akaagiza madebe ya maji ya betri yajazwe maji ya kisima cha klabu.

"Meneja, haya maji yako na chumvi," Perez akamwambia. "Yataua betri."

"Maji ni maji, Perez. Kwani wewe ni engineer?"

Perez akakataa kuyatia. Basi yakatiwa na wengine siku zake za mapumziko. Kufikia Agosti magari tisa yalikuwa yamelala, na Ngigi akahitaji mtu wa kumtwika mzigo. Asubuhi moja, kwenye mkutano wa wafanyakazi, alisimama akamnyooshea kidole: "Huyu mama amekuwa akiiba maji ya betri, anauzia mafundi wa Ruiru. Magari yamekufa juu yake." Watu themanini walisikia, na Perez akapigwa kalamu pale pale. Wiki hiyo picha yake ikatoka gazetini, chini yake yale maneno tunayoyajua sote: si mfanyakazi wetu tena, atakayeshughulika naye ni shauri yake.

Kimbo hakuna aliyemwita mwizi usoni. Walifanya jambo baya zaidi. Akina mama wa kanisa walimjia wakitabasamu, wakanywa chai yake, wakaomba warudishiwe funguo za stoo ya sufuria za kanisa. "Mama Lenny, pumzika kidogo, umetuhudumia sana." Perez akawapa funguo. Walipotoka alilia kwa hasira hadi kichwa kikamuuma, kisha akanawa uso akala kiapo: jina lake litasafishwa na mdomo ule ule uliolichafua, mbele ya masikio yale yale. Hakutaka fidia wala barua. Alitaka Ngigi aseme.

Mwaka ukapita. Siku moja alipitia kwa Mwas, mnunuzi wa vyuma vikuukuu pale Ruiru, akaona kuku akitagia kwenye kiti cha gari la gofu. Ubavuni kulikuwa na namba saba. Lilikuwa miongoni mwa yale tisa. Perez akasimama pale akiwa na tabasamu ambalo Mwas hakulipenda hata kidogo.

"Hii haiwezi kutembea tena, mathe," Mwas akasema. "Mimi naikata next week."

"Usiikate. Nitakuletea friji yangu, inafanya kazi vizuri. Wewe unipe hii."

Mwanawe Lenny, anayeuza simu Juja, aliposikia alipiga simu akifoka. "Mathe! Friji kwa hiyo takataka? Utaenda nayo wapi?"

"Kazini," Perez akajibu, akakata simu.

Msimcheke. Alilifungua lile gari nyuma ya nyumba yake vipande vipande kwa miezi saba, na kila boliti aliyoikaza aliikaza kwa jina la Ngigi. Akachemsha maji na magadi, akasugua nyaya zilizoota ukijani. Akafungua mota, akakuta brashi zake za kaboni zimelika zikabaki kama vipande vya kucha. Akapata nyingine kwa fundi wa mashine za kusaga unga kule Thika, akazichonga kwa tupa hadi zikatosha. Betri zilikuwa zimeuzwa zamani, kwa hiyo akatafuta nne kuukuu za sola, akazichaji polepole, akiziamkia alfajiri kama mtu mwenye mtoto mgonjwa. Siku ya kwanza alipokanyaga pedali, swichi kubwa chini ya kiti ililia *tak*, gari likarudi nyuma badala ya kwenda mbele, likaangusha mlango wa choo cha jirani. Alikuwa ameunganisha nyaya mbili kinyume. Akaomba msamaha, akaupachika mlango, akarudi kwa nyaya zake. Likaenda. Alizunguka nalo plotini akicheka peke yake, na kicheko chenyewe hakikuwa cha heri.

Alingoja hadi siku ya mashindano makubwa ya mwaka, kwa kuwa alijua siku hiyo mwenyekiti wa klabu huhutubia wafanyakazi asubuhi. Akalipaka gari rangi ya klabu, kijani na mstari mweupe, akashika njia ya vumbi.

Langoni aliyekuwa zamu ni Muthoka. Sasa, askari wa klabu ile wamefundishwa kusimamisha watu, na kulipigia saluti gari lolote la rangi ya klabu. Muthoka akapiga saluti. Alipotambua ni nani, Perez alikuwa ameshafika mbele ya jikoni, wafanyakazi wanapokutania, watu themanini wakimtazama.

Mwenyekiti, Bi Wanja, alikuwa mchezaji wa siku nyingi. "Hiyo si namba saba? Ngigi, si uliniambia imekufa?"

"Askari!" Ngigi akaita. "Mtoeni huyu mwizi!"

"Ngojeni," Wanja akasema. "Mama, umekuja kufanya nini?"

"Kuchemsha maji, madam. Naomba sufuria mbili safi na jiko la gesi. Na mtu aende stoo alete debe la maji ya betri."

Sufuria zikaletwa. Kwenye moja Perez akamimina kikombe cha maji ya betri aliyoyanunua Thika, kwenye nyingine kikombe kutoka debe la klabu. Akawasha jiko. Maji yakachemka, yakapungua, yakakauka. Sufuria ya kwanza ilibaki inang'aa. Ya pili ilishika ukoko mweupe, ule ambao kila mama wa huku anaujua chini ya birika lake la chai.

Wanja akaukwaruza kwa ukucha. "Ngigi, hii ni nini?"

"Itakuwa ni supplier, madam. Nita—"

"Hakuna supplier," mtunza stoo akasema akiangalia viatu vyake. "Huwa tunachota kisimani. Meneja ndiye alisema."

Kwa mara ya kwanza Perez akaona jasho kwenye paji la uso la Ngigi, akalitazama kwa raha, hakuharakisha.

"Perez," Ngigi akasema kwa sauti ya chini, "sisi ni Wakristo. Hii maneno tumalizie kwa ofisi."

"Hukunimalizia kwa ofisi. Simama pale uliposimama siku ile."

Wanja hakumzuia. Ngigi akasogea, akakohoa. "Perez hakuiba maji," akanong'ona. "Ni mimi nilisema ya kisima yatiwe."

"Walio nyuma hawajasikia," Perez akasema.

Akarudia, kwa nguvu zaidi.

"Tena. Na useme ulidanganya."

Akasema alidanganya. Sauti ilimkatika, na wapishi wakaanza kutazama chini. Mtunza stoo akamgusa Perez begani. "Mama Lenny, inatosha sasa. Tumesikia wote."

Perez akauondoa mkono ule taratibu.

"Bado," akasema. "Ngigi, rudia."