Omba Foleni Kwanza

Anayetaka kupita mbele sharti aiombe foleni. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishika Igoki wa kijiji cha Kanja, na hakuitunga yeye. Aliikuta kwenye banda la kununulia majani chai, ambapo wanawake wa kijiji chake hupanga vikapu vyao wakingoja lori la kiwanda. Kikapu husimama badala ya mwenyewe. Mwenyewe anaweza kwenda kunyonyesha, kuchota maji, hata kugombana na jirani, na akirudi atakikuta pale pale alipokiacha, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayesogeza kikapu cha mwenzake.

Lakini kuna mwenye mtoto mgonjwa, na kuna aliyefiwa ambaye wageni wamejaa kwake. Huyo hamwendei karani wa mizani. Karani hana foleni ya kugawa. Foleni ni mali ya waliosimama. Anasimama mbele yao, anawatazama usoni na kusema shida yake kwa sauti. Nao humjibu.

"Pita, mama, lakini usituvunjie mizani."

"Mpisheni, ila akifika mbele anyamaze. Juzi alimsimulia karani habari za ng'ombe wake mpaka lori likataka kulala hapa."

Sijasikia aliyeomba akanyimwa. Nimesikia walioona haya kuomba, wakabaki nyuma, na hapo ndipo hekima ya kanuni hii ilipo. Mwenye shida huomba. Asiye na shida, ulimi humwia mzito.

Kanuni hiyo Igoki aliibeba hadi kazini kwake. Aliajiriwa kama kibarua katika Bustani ya Kilele, uwanja wa michezo uliojengwa kwenye mteremko wa juu ya Karurumo, wenye bembea kubwa, mabwawa, na reli ya vigari vinavyoshuka kwa kasi ambayo vijana waliipa jina la Nyoka. Igoki aliwekwa kwenye lango la Nyoka. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga mnyororo, watu waingie kwenye vigari kwa zamu.

Alikuwa na sababu ya kuing'ang'ania kazi hiyo. Mume wake, Ngari, alianguka kutoka kwenye mti wa mukima alipokuwa akipunguza matawi, nyonga ikaharibika, na tangu siku hiyo anatembea kwa fimbo kama mzee wa miaka themanini. Daktari alisema upasuaji utamrudisha shambani. Meneja wa bustani, Kaimenyi, alikuwa amemwahidi Igoki ajira ya kudumu mwaka ukiisha, na ajira hiyo ilikuja na bima ya matibabu kwake na kwa mumewe. Kwa hiyo kila asubuhi Igoki aliposhika ule mnyororo, alikuwa ameshika nyonga ya Ngari.

Kisha ikaja huduma waliyoiita Pita Mbele.

Nieleze jinsi inavyofanya kazi, kwa kuwa wengi hulipa bila kuelewa wanachokilipia. Kila mgeni anayeingia Kilele hufungwa bangili ya plastiki mkononi. Ndani yake mna kidude kinachoiambia ofisi mgeni yuko wapi, amesimama kwa muda gani, na amenunua nini. Ofisini kuna kioo kikubwa cha kompyuta ambacho juu yake watu huonekana kama nukta, kama siafu njiani. Mzazi aliyesimama muda mrefu, mtoto akianza kulia, simu yake inalia pia: "Umechoka kusubiri? Pita Mbele!" Akilipa kwa simu, bangili yake inabadilika, na anapita njia ya pembeni inayotokea moja kwa moja langoni, mbele ya wote.

Tazama ubaya wa jambo hili. Wenye bustani ndio wanaopanga vigari vichache. Wao ndio wanaojua, kwa bangili zao, kwamba mtoto amechoka. Badala ya kuongeza kigari, wanamuuzia mamake dawa ya uchovu waliouleta wao wenyewe. Watu wasomi hunijibu kwamba ni kama tiketi ya daraja la kwanza. Si kweli. Anayenunua kiti kipana hachukui kiti changu. Anayeruka foleni anachukua muda wangu, na fedha anampa mtu mwingine. Bustani inauza kitu kisicho chake. Mtu akiuza mbuzi wa jirani tunamwita mwizi, hata kama ametoa risiti.

Igoki hakuwa na maneno mengi kama hayo. Alifanya tu kama walivyofanya nyumbani. Siku ya kwanza kijana mmoja alipofika na bangili yake ya Pita Mbele, alimwambia, "Sawa, mwanangu. Geuka uwaombe."

"Niwaombe nini? Nimelipa, mama."

"Umewalipa hawa?"

Kijana akageuka. Mbele yake walisimama watu waliokuwa wakila jua tangu asubuhi. Bibi mmoja mwenye mwavuli akamwambia, "Sema tu, mjukuu wangu. Kama una mimba tutakupisha." Foleni nzima ikacheka. Kijana naye akacheka, akakuna kichwa, kisha akaenda kusimama mkiani. "Wacha nipange kama watu," alisema.

Ikawa hivyo kwa miezi. Wachache waliomba kweli: baba aliyekuwa na mtoto mlemavu mgongoni, mama aliyekuwa na safari ya kwenda Isiolo. Hao walipishwa kwa maneno mazuri, na wengine walipigiwa makofi. Wengi wa waliolipa walitazama zile nyuso, wakarudi nyuma kwa hiari yao. Hakuna aliyetukanwa. Hakuna aliyezuiwa kuomba.

Kosa la Igoki, kama ni kosa, lilikuwa kudhani kwamba bustani ingefurahia foleni yenye amani. Hakujua kwamba kila nukta iliyorudi nyuma ilionekana kwenye kioo cha ofisi, na kwamba kila aliyerudi nyuma alidai fedha zake.

Kaimenyi alimwita mara moja akamwonya kwa upole. "Mama, hapa si Kanja. Fungua tu mnyororo. Maswali ya foleni waachie watu wa ofisi."

Nyumbani, Ngari alicheka alipoambiwa. "Wewe unataka kuigeuza Nyoka iwe ibada. Waache waombe kimoyomoyo, Mungu anasikia."

"Mungu anasikia. Aliyesimama juani hasikii."

Ngari akasugua nyonga yake. Kisha akasema, "Mimi sikwambii ufanye nini. Lakini usifikiri nimesahau ahadi ya meneja." Alisema bila hasira, na Igoki aliniambia kwamba maneno hayo yalimchoma kuliko onyo la ofisi.

Basi ikafika Jumamosi moja ya Aprili. Mwalimu Kathure wa Kibirichia alileta watoto wa shule ya Jumapili. Watoto hao walikuwa wamelima waru, yaani viazi, katika shamba la kanisa msimu mzima, wakavuna, wakauza magunia, na kwa mazao ya mikono yao wakajilipia safari. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuona reli ya aina yoyote. Walitaka Nyoka kuliko kingine chochote. Walisimama kwenye foleni kwa utulivu ambao watu wazima wangeona aibu kuuona, ingawa kwenye michezo mingine waliyopitia kwanza walikuwa wamerukwa mara kwa mara, kwa maana huko hakukuwa na Igoki.

Mawingu yalishuka kutoka mlimani. Kila mtu kule anajua kwamba mvua ikianza Nyoka husimamishwa, kwa kuwa breki huteleza. Watoto walikuwa wamefika mbele kabisa ya foleni. Bangili zao zilikuwa zimeshasomwa na mashine iliyo kando ya mnyororo, na kigari kinachofuata kilikuwa chao.

Ndipo akaja Gikunda, mkandarasi wa barabara, pamoja na familia yake na wageni wake, wote wakiwa na bangili za Pita Mbele.

"Fungua, mama. Mvua inakuja."

"Karibu, mzee. Hawa watoto ndio wa zamu hii. Waombe, watakupisha."

"Niombe watoto?"

"Ndio waliosimama."

Gikunda akamtazama kana kwamba mnyororo wenyewe umesema. "Mimi sikuja hapa kuomba. Nimelipa."

Mwalimu Kathure alisogea mbele. "Mzee, utuombe tu. Watoto hawa wamefundishwa kumpa anayeomba. Neno moja, na tunakupisha sote."

Fikiria hilo. Neno moja tu! Watoto waliolima msimu mzima walikuwa tayari kuacha zamu yao mbele ya mvua, na walichotaka kwa mtu huyu hakikuwa shilingi, kilikuwa tafadhali. Wageni wake mwenyewe walianza kutazama viatu vyao. Mkewe alimshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba Mwiti, si waombe tu?" Yeye akautoa mkono, akapiga simu ofisini.

Kaimenyi alikuja mbio. "Igoki, fungua."

"Nitafungua akiomba, bwana meneja."

"Nimesema fungua!"

"Foleni si yangu nimpe. Wala si yako."

Nyuma yao kulikuwa na watu wazima wengi, wengine wakija Kilele kila mwezi kwa sababu ya lango hilo lenye haki. Sitawasamehe upesi. Walitoa simu zao wakapiga picha. Hakuna aliyesema, "Meneja, mama huyu anasema kweli," isipokuwa Kathure peke yake, naye aliambiwa akae pembeni na watoto wake. Watu wanaojua kuimba kwaya kwa sauti nne walikosa hata sauti moja.

Kaimenyi aliung'oa mnyororo kwa mkono wake. Gikunda na watu wake wakaingia. Kigari kikashuka kwa makelele, na kabla hakijarudi matone ya kwanza yalikuwa yakilia juu ya mabati ya lango. Kengele ikalia. Nyoka ikafungwa.

Mwalimu Kathure alikwenda kwenye dirisha la tiketi kuomba watoto warudishiwe fedha zao. Msichana wa dirishani alitazama kioo, akasema kwa adabu, "Mwalimu, hapa inaonyesha wamepanda."

"Hawajapanda. Watazame, ni hawa hapa, wamekauka kwa kungoja na kulowa kwa mvua."

"Bangili zilisomwa langoni. Mashine inasema wamepanda."

Hivyo ndivyo kidude kilichojua mtoto anapochoka kilivyoshindwa kujua kwamba mtoto hakupanda. Kinaona kinachoilipa bustani. Kwa mengine ni kipofu, na upofu huo si bahati mbaya. Mtu aliutengeneza.

Jioni hiyo Igoki aliitwa ofisini. Kaimenyi alimgeuzia kioo, akamwonyesha nukta za miezi yote zilizofika kwenye lango la Nyoka zikarudi nyuma.

"Kila lango linatuingizia Pita Mbele isipokuwa lako. Unajua umetupotezea kiasi gani?"

"Sikuwazuia. Waliona haya."

"Haya si kazi yako kuwapa watu." Akavuta pumzi. Kaimenyi si mtu katili. Ni mwoga, na waoga huharibu mengi kuliko wakatili. "Sikiliza, mama. Mzee Gikunda bado yuko hapa kwenye hoteli ya bustani. Nenda umwambie ulikosea kumtaka aombe. Useme hivyo tu, na karatasi zako za ajira ya kudumu nitazipeleka Jumatatu. Mumeo anaugua, si ndiyo?"

Igoki alizitazama zile nukta. Aliniambia kwamba wakati huo alimwona Ngari akishuka kitandani, akiweka mguu mzuri kwanza, kisha ule mwingine, na uso wake ukijikunja. Aliona pia kwamba kuomba radhi ni jambo jema, na kwamba ameomba radhi mara nyingi maishani mwake bila kupungukiwa na kitu.

"Nitamwomba radhi kwa kumchelewesha," alisema mwishowe. "Kwa kumtaka aombe, hapana. Nikisema nilikosea, nitakuwa nimewaambia wale watoto kwamba wao si watu."

"Basi umechagua."

"Ndiyo."

Bangili ya kazi, maana wafanyakazi nao hufungwa zao, aliifungua mwenyewe akaiweka mezani.

Leo Igoki anachuma majani chai katika mashamba ya watu. Langoni pa Nyoka wameondoa mtu, wameweka mlango unaojifungua wenyewe bangili iliyolipiwa ikikaribia. Watoto wa Kibirichia hawakurudishiwa chochote, na kanisa lao halijapanga safari nyingine. Igoki alipoteza kazi na ile bima aliyoahidiwa. Ngari hajafanyiwa upasuaji. Daktari amesema mfupa umekwisha kushikana vibaya, na hatatembea tena bila fimbo.