Sweta ya Gustav

Kila nikikata kamba za robota jipya la mitumba, harufu ya dawa ya nondo na stoo za watu wa mbali hunipiga puani, na kabla sijahesabu kipande hata kimoja mkono wangu huenda kwenye kola. Wateja hudhani nakagua ubora. Ningependa iwe hivyo.

Mama aliuza sweta za shule za mitumba mtaani Kabiria, kwenye kibanda cha mabati. Sheria yake ilikuwa moja, na aliirudia mara nyingi kuliko sala ya chakula: "Nekesa, nguo ikitoka hapa, huijui. Hata mkikutana kanisani, salimia mtu, usisalimie sweta."

Nilikuwa kidato cha pili. Jumamosi moja akaja Mwende, mwenzangu wa dawati, na mama yake. Walichagua sweta nzito ya buluu. Nilimpima mabega mara mbili, ikamkaa sawasawa. Ndani ya kola kulikuwa na kibandiko kilichoshonwa kwa uzi mwekundu: GUSTAV.

"Nitakitoa nyumbani," Mwende alininong'oneza. "Usiambie mtu."

"Mimi ni duka, si redio."

Jumatatu kilikuwa bado kipo. Jioni tulisimama kituoni Adams Arcade na wenzetu, na Sharon, msichana wa mtaa wa Jamhuri ambaye wote tulicheka alipocheka, akatazama viatu vyangu.

"Woi, Nekesa! Si hivi ni vya kijana? Leo brathako anatembea miguu mitupu?"

Vilikuwa vya kijana, kweli. Nami mtoto wa biashara najua: mteja akiona tundu, mtolee haraka bidhaa nyingine. Nikamshika Mwende kola, nikaigeuza.

"Mimi ni viatu tu. Huyu amevaa mwanaume mzima. Mwamkieni Gustav!"

Kwa hesabu yangu kicheko kile kingeisha kesho yake. Kilimaliza muhula. Picha ya kola, aliyoipiga Sharon kwa simu, ilifika kwenye grupu ya darasa kabla sisi hatujafika nyumbani. Jumanne Mwende alikuja ameshakitoa kibandiko, lakini jina lilikuwa limehama kutoka kwenye sweta, limemwingia yeye. "Niaje, Gustav! Bibi yako Ulaya hajambo?" Mwende, aliyekuwa akijibu hesabu kabla ya mwalimu kuweka chaki chini, akaacha kunyoosha mkono. Mapumziko alijifungia chooni. Julai, na baridi yake ya kuuma masikio, alikuja na shati tupu. Nilisikia meno yake yakigongana pale pale kwenye dawati letu, nikajifanya nasoma.

Shule zilipofungwa, mama yake alileta sweta, imefuliwa, imepigwa pasi. "Mama Nekesa, haikumtosha. Mwende tunamhamisha shule." Kisha akanigeukia, kwa upole ulioniunguza: "Nawe, mwanangu, masomo yanaendaje?"

Hakujua. Mwende hakunitaja.

Mama alisubiri aondoke, akaigeuza kola, akaona mahali kibandiko kilipong'olewa, akanisoma usoni. Hakunichapa. Alinirushia tu: "Hii haiuziki tena. Ni yako."

Nilidhani adhabu ni kuivaa. Ilinichukua miaka, na kibanda changu mwenyewe, kuelewa kwamba katika sisi wawili ni Mwende aliyeishika sheria ya mama yangu. Alinijua mimi ni nani, akanyamaza.

Sweta ninayo bado. Kibandiko kilitoka kwa wembe. Vitundu vya sindano havikutoka. Viko kumi na sita. Nimevihesabu mara mbili, na mara nyingine tena, nikitafuta hata kimoja kilichoziba.