Mapatano Yetu Kando ya Mto Pangani

Mimi ndiye niliyetaka ashindwe. Nalisema hilo mapema, asije akatokea mtu wa kunisifu.

Mama yangu aliteleza kwenye shamba lake la tangawizi huko Mamba, juu kabisa milimani, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali nikamleta kwangu Same mjini, penye sakafu ya sawasawa na choo cha ndani. Alikaa kwangu mwaka mzima. Kila asubuhi aliuliza nitamrudisha lini, na kila asubuhi nilijibu, tutaona. Nilikuwa naogopa simu, ile ya jirani anayekwambia njoo haraka bila kusema kuna nini.

Mdogo wangu anafundisha Pangani. Alipotualika kumtembelea, akaisifu njia ya kando ya mto inayopita mbele ya mji wa kale, nikaona hapo hapo nimepata pa kumalizia ubishi. Nikamwambia Mama: itembee njia hiyo mwanzo hadi mwisho bila kushikwa. Ukifika, nakurudisha Mamba. Ukishindwa, habari ya Mamba tuifunge.

"Sawa," akasema. "Ila usije ukageuza maneno."

Tulianza asubuhi, jua likiwa bado la kuvumilika. Upande mmoja mto, mpana na mzito, unamalizia safari yake baharini. Upande mwingine nyumba za zamani zenye kuta nene za mawe. Mama alisimama kwenye mlango uliochongwa, akaupapasa, akauliza ni mti gani. Alitembea vizuri, nami nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

Kisha hatua zikafupika. Mama hutembea kama watu wote wa kwetu, kifua mbele na goti limekunjwa, kama anayepanda. Lakini pale hapakuwa na cha kupanda. Tulipofika katikati akaketi kwenye ukuta mfupi wa kando ya maji, jasho likimtoka.

"Nimechoka," akasema.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilishaanza kuwaza rangi ya kupaka chumba chake.

Mama alikuwa akitazama ng'ambo, Bweni, ambako ardhi inainuka ghafla kutoka mtoni na nyumba zimepanda nayo. Akamuuliza mdogo wangu, "Kule watu wanafikaje?"

"Wanavuka na kivuko, Mama. Halafu bodaboda, au miguu."

Akasimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Mama, tulipatana utembee huku," nikasema.

"Tulipatana uone kama naweza kukaa Mamba. Wewe umezaliwa Mamba. Tambarare uliiona wapi?"

Watani wetu husema sisi Wapare huuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Nilikuwa nimemfungulia kesi aliyenifundisha kubishana. Tukashuka kivukoni, tukavuka.

Alipanda kwa upande, akikata mlima huku na huku, anaweka unyayo mzima chini kabla ya kuuinua mwingine, mkono mmoja juu ya goti. Ndivyo anavyopanda na mzigo wa kuni. Ile nyonga iliyosumbua kwenye tambarare ikawa kimya. Mzee mmoja aliyekuwa akishuka alimpisha, akasema, "Pole na mlima, mama." Akajibiwa, "Mlima uko wapi?"

Mimi nilisimama mara mbili kupumua. Mdogo wangu, mwalimu wa michezo, alisimama mara moja, akasingizia kamba ya kiatu. Tulipofika juu, Mama alikuwa ametangulia, amesimama wima bila kushika kitu. Chini yetu mji wote ulikuwa umejipanga kando ya maji, na ile njia yangu ya mtihani ilionekana fupi hata nikaona aibu.

"Haya," akasema. "Sema."

Nilijaribu kusema kuna utelezi wakati wa mvua. Nilijaribu kusema hakuna mtu wa karibu. Lakini mwaka mzima nilikuwa nikimtunza mgonjwa, na aliyesimama mbele yangu hakuwa mgonjwa.

"Jumamosi nakupeleka Mamba," nikasema, nikalia pale pale, kwa sauti, mtu mzima mwenye wajukuu. Nililia kwa furaha, na kwa woga uliokuwa unanitoka.

Mama hakunibembeleza. Alikaza kanga, akageuka, akaanza kushuka peke yake.