Maziwa ya Kwanza Hayamwagwi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo miaka yote hii haijanitoka. Nilikuwa nimekaa kwenye jamvi kando ya bani, lile banda tunamokaushia tumbaku kwa moto, nafunga majani mabichi kwenye vijiti pamoja na wanawake wenzangu. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa na miezi minane. Nikainama kuchukua fungu jingine la majani, na nilipoinuka nikaona gauni langu limelowa kifuani. Alama mbili za njano, nzito kama utomvu.

Nimeikumbuka leo kwa sababu yako. Jana ulipotoka kliniki ulipita hapa, ukanionyesha vile vibomba vidogo vya sindano visivyo na sindano. Ukaniambia kwamba kwa kuwa una sukari ya ujauzito, nesi amekufundisha kukamua maziwa ya kwanza wiki hizi za mwisho na kuyahifadhi kwenye friza, ili mtoto akizaliwa na sukari yake ikishuka, apewe hayo. Ukaniambia pia shangazi yako amekukataza, amesema anayekamua kabla ya kuzaa humwita mtoto kabla ya wakati wake. Ukaniuliza nani mkweli. Sikukujibu papo hapo, maana mimi nami niliwahi kukamua kabla ya kuzaa, na habari yake si fupi.

Nilizaliwa Chemchem, hapa hapa mjini Tabora, binti wa fundi cherehani. Nikaolewa na mkulima wa tumbaku upande wa Urambo, jina lake Ramadhani, Mungu amrehemu. Hatukukaa hata mwaka, ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Tukavunja nyumba, tukapakia milango na boriti kwenye tela la trekta, tukaenda kujenga upya kando ya barabara pamoja na watu tusiowajua. Tulikaa na mama mkwe wangu, mwanamke wa maneno machache, aliyekuja na mbuzi wake saba na kuwajali kuliko vyombo vyake vya ndani.

Kizuri kilichokuwapo pale ni zahanati. Tuliijenga wenyewe, wanaume wakifyatua matofali na sisi tukichota maji, na serikali ikatuletea mkunga. Tukamwita Nesi Felista. Alikuwa mfupi, mnene, anasema taratibu, na sikuwahi kumwona mtu akimbishia. Kila mwezi alinipima tumbo, na kila mwezi alinimalizia kwa maneno yale yale: ukiona kitu usichokielewa njoo uniulize, hata kama ni cha aibu.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Mimi niliuficha.

Pale kwenye jamvi, jirani yangu Mama Hadija aliyaona yale madoa kabla sijayafunika. Alikuwa mama wa watoto sita, mwenye roho nzuri, hilo nalisema mapema.

"Jitande kanga," aliniambia kwa sauti ya chini. "Maziwa machafu hayo yameanza kutoka. Kayakamue uyamwage kila siku, mpaka yaje meupe. Mtoto akizaliwa akute maziwa safi."

Nikamwamini. Yeye kazaa sita, mimi sijazaa hata mmoja. Na hakuwa amelitunga jambo hilo. Aliambiwa na mama yake, ambaye naye aliambiwa na wake. Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika kumi tu, lakini kwenda kumwambia mtu mzima habari za maziwa yangu niliona haya. Nilikuwa nimesoma mjini mpaka darasa la saba, nikaona kwamba swali kama lile litanishushia heshima. Kuuliza si ujinga, mwanangu, lakini hilo nililijua baadaye.

Nikaanza jioni ile ile. Asubuhi na jioni niliingia bafuni, ule ua wa mabua nyuma ya nyumba, nikakamua kwa nguvu kama mtu anayekamua nguo aliyofua, mpaka matiti yakauma. Matone yalidondoka mchangani nikayafukia kwa mguu. Mara mbili au tatu tumbo lilikaza nikiwa katikati ya kazi hiyo, likawa gumu kama jiwe, kisha likaachia. Nikasema ni uchovu wa bani. Kilichonishangaza ni kwamba maziwa yale hayakuisha wala hayakuwa meupe. Kadiri nilivyokamua ndivyo yalivyotoka, njano ile ile.

Siku ya nane, kama saa nne asubuhi, tumbo likakaza, likaachia, likakaza tena. Mama mkwe alikuwa anafungua mbuzi. Alinitazama mara moja tu, akaacha kamba, akanishika mkono tukaenda zahanati kwa miguu. Kabla ya alasiri nilikuwa nimejifungua mtoto wa kiume.

Alikuwa mdogo, mwanangu. Ngozi yake nyembamba, imekunjamana, na kilio chake kama cha kifaranga. Nesi Felista alimkausha, akamfunika, akasema, "Mweke kwenye titi."

"Bado, Nesi," nikamjibu. "Maziwa yangu bado machafu. Nimeyakamua wiki nzima hayajasafika."

Aliacha alichokuwa anafanya. "Umekamua wiki nzima?"

"Asubuhi na jioni."

"Ukayapeleka wapi?"

"Nimeyamwaga."

Akavuta kigoda, akakaa. Nilisubiri anifokee, na laiti angenifokea ingekuwa nafuu.

"Binti, nilikuambia uniulize," akasema. "Kukamua vile, kwa nguvu, miezi haijatimia, kunaweza kuliamsha tumbo la uzazi. Sikuapii kwamba ndiko kulikomleta mtoto huyu mapema. Watoto huwahi kwa sababu nyingi, na nyingine hatuzijui. Lakini lile halikuwa jambo la kujiamulia peke yako. Na maziwa uliyofukia ndiyo dawa ya kwanza ya mtoto. Hakuna duka linalouza nyingine."

Nikaanza kulia. Akaniambia nisilie kwanza, kuna kazi.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza kama aende akakoroge maji ya sukari, kama ilivyokuwa desturi. Nesi akamgeukia kwa heshima zote, maana alikuwa mkubwa kwake.

"Mama, wewe unafuga?"

"Nafuga mbuzi."

"Mbuzi akizaa, yale maziwa mazito ya mwanzo, dang'a, unayafanyaje?"

"Siyagusi. Namwachia mtoto wake."

"Kwa nini?"

"Asipoyapata hasimami. Atakufa."

Mama mkwe akamtazama mjukuu wake, kisha akanitazama mimi kifuani. Halafu akasema, kama anayezungumza peke yake, "Na ya kwetu tumekuwa tukiyamwaga. Nimezaa tisa. Walio hai ni wanne."

"Si kwa hilo tu, Mama," Nesi akamwambia. "Usijibebeshe yote." Lakini mimi niliuona uso wake, na sijausahau.

Mtoto alishindwa kunyonya. Mdomo wake ulishika titi ukaachia, hana nguvu. Nesi akavichemsha majini kikombe kidogo cha kahawa na kijiko cha chai viwe safi, akaninawisha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akanikanda titi kwa kitambaa cha uvuguvugu, akanifundisha kuweka kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi, kusukuma taratibu kuelekea kifuani, kubana, kuachia. Hakuna kuvuta chuchu, hakuna kuumia. Yakatoka matone sita. Nikaona haya kwa uchache wake.

"Yanatosha," akasema. "Tumbo lake ni kama punje ya mtama. Haba na haba hujaza kibaba."

Tukampa kidogo kidogo kwa kijiko, tukimsubiri ameze. Yakisalia kidogo kikombeni tulikifunika kikombe kwa kisahani na kukiweka ndani ya bakuli la maji baridi ya mtungini, yamngoje muda mfupi tu, kisha tunakamua upya. Nesi alikuwa amepeleka taarifa tupelekwe hospitali mjini, lakini masika yalikuwa yameikata barabara na gari halikuweza kupita. Siku tatu nilikaa kitandani na mtoto amefungwa kwa kanga kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, ili apate joto. Siku ya pili alipoa miguu na kilio kikakatika, nikadhani ndio mwisho. Ramadhani alikuja akasimama dirishani, akauliza aniletee nini. Mama mkwe akamvua mtoto soksi, akaishika ile miguu midogo mikononi mwake, akaikumbatia hivyo mchana kutwa, akiniita kila baada ya muda: "Kamua, mwanangu." Ni mara ya kwanza kuniita mwanangu.

Siku ya nne asubuhi, kabla gari halijafika, mtoto alishika titi akalivuta mpaka nikashtuka. Nesi Felista akacheka, akaenda kunywa chai yake ya kwanza siku hiyo.

Tulimwita Shaabani. Alichelewa kutembea, na mpaka darasa la tatu alikuwa mdogo kuliko wenzake wote. Leo ni fundi seremala pale Kanyenye, ana mvi ndevuni na anagombana na wajukuu. Mama mkwe wangu, yule wa maneno machache, alirudi bani msimu ule ule, akakaa kwenye jamvi na kuwaambia wanawake wote habari ya dang'a, Mama Hadija akiwapo. Hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba mbuzi wametuzidi akili na sasa basi. Mama Hadija alikuja kwangu akalia. Nikamwambia hakunidhuru kwa kusudi, tukabaki majirani mpaka nilipohamia mjini.

Sasa nijibu swali lako, mwanangu. Shangazi yako hakusema uongo, na nesi wako vilevile. Shangazi anaogopa kitu ambacho kipo. Nesi anakijua kitu hicho na ameshakipima kwako: amehesabu wiki zako, ameangalia kama umewahi kuzaa kabla ya wakati au kutokwa damu. Mimi katika mimba zilizofuata nilikatazwa kabisa kukamua kabla ya kuzaa, kwa sababu ya lililonipata na Shaabani. Wewe umeruhusiwa. Kwa hiyo usiige mtu, hata mimi. Fuata ulichopimiwa wewe.

Usianze kabla ya wiki aliyokutajia. Nawa mikono. Kamua kwa upole, dakika chache tu, kama alivyokuonyesha. Matone uyavute kwenye kibomba, ukifunike, uandike jina lako na tarehe, ukiweke kwenye friza, na siku ya kwenda kujifungua uyabebe kwenye chombo chenye barafu na uwaambie wauguzi mapema kwamba unayo. Tumbo likianza kukaza, au ukiona damu au maji, acha saa hiyo hiyo uende hospitali. Usiseme ni uchovu kama nilivyosema mimi. Yakitoka kidogo usihuzunike. Yasipotoka kabisa, hiyo si dalili kwamba hutakuwa na maziwa. Wala usiogope kuyamaliza ya mtoto, maana hayamaliziki kwa kukamuliwa. Hilo nalishuhudia mwenyewe. Na akishazaliwa, titi kwanza, friza baadaye.

Shangazi yako usimjibu kwa ukali. Mchukue kliniki siku ya zamu yako, akamsikie nesi kwa masikio yake mwenyewe. Mtu mzima akielezwa kwa adabu huelewa.

Nenda sasa, jua halijawa kali. Mungu akufungue salama, akulinde wewe na kilichomo tumboni. Akujaalie mtoto mwenye kilio kikubwa na mdomo wenye nguvu, na asikukoseshe, siku zote za ulezi wako, mtu wa kumuuliza usilolijua. Amina.