Mlangoni kwa Mnyapara

Mnyapara wa wapagazi wetu alisema kidogo, tena kwa sauti ya chini. Tulipopanda milima ya Matumbi na Bwana Misitu, afisa wa misitu wa serikali, tukilala popote jioni ilipotukuta, yeye ndiye aliyechagua mahali pa kambi. Alichuchumaa, akafikicha udongo kwa vidole vyake vinene vilivyopasukapasuka, akaunusa. Kisha akaondoa mawe na mizizi pale kila mmoja wetu atakapotandika mkeka, bila kuombwa na bila kungoja ahsante.

Alasiri moja tulifika penye milimau iliyozongwa na msitu. Safari hii hakuchuchumaa. Alisimama tu, mikono imemlegea. Kornelio, mpishi, akatua sufuria zake.

"Mzee, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Umesimama chumbani kwangu."

Kornelio akaruka pembeni. Sote tulijua kwamba serikali iliwahamisha watu wa huko kwa sababu ya mbung'o waenezao malale, na kwamba kurudi kulikatazwa. Tulidhani atalia, au atatuambia tusonge mbele. Badala yake alikata tawi la majani, akafagia polepole akifuata kuta ambazo sisi hatukuziona. Akamwonyesha Kornelio pa kupikia. Mimi akanionyesha kona moja.

"Hapa walilala watoto. Hapana baridi."

Alipomaliza, akasimama palipokuwa na mlango, akaona bado tumejikusanya kando pamoja na mizigo yetu.

"Mbona mko nje? Karibuni, jamani."

Kornelio akavua kofia. Tukaingia mmoja mmoja, kwa kupitia mlangoni.